Ole Evinrude, Mfanya Injini za Mashua

Katika nchi ya Norwe, iliyo upande wa kaskazini wa Ulaya, liko ziwa refu liitwalo Mjøsa, nalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya nchi ile. Si mbali na ziwa hilo, karibu na mji wa Gjøvik, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 19 Aprili mwaka wa 1877, akaitwa Ole. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Siku zile watu wengi wa Norwe walikuwa wakihamia Marekani, kwa kuwa kwao mashamba yalikuwa haba na watoto walikuwa wengi, na habari zilikuwa zimeenea kwamba Marekani ardhi ni tele. Mwaka wa 1882 jamaa ya Ole nayo ikavuka bahari. Ole alikuwa na umri wa miaka mitano tu. Husimuliwa ya kuwa safarini mama yake alipata taabu nyingi kwa ajili yake, maana kila alipogeuka mtoto hayupo; na kila alipotafutwa alionekana kule chini penye mashine za meli, amesimama kimya anatazama vyuma vikipanda na kushuka.

Wakakaa katika jimbo la Wisconsin, karibu na kijiji cha Cambridge, kando ya ziwa dogo liitwalo Ripley. Hapo baba akafungua shamba. Jina la Evinrude latokana na jina la shamba la Norwe, maana desturi ya wakulima wa kule ilikuwa mtu kuitwa kwa jina la shamba atokalo.

Shuleni Ole hakukaa sana. Aliacha masomo angali mdogo, akashika kazi ya shamba pamoja na baba yake, naye alikua akawa kijana mrefu, mnene wa mabega, mwenye nguvu nyingi na maneno machache. Alikuwa hodari wa kutengeneza vyombo vya shamba vilivyoharibika, lakini kulima kwenyewe hakukupenda. Moyo wake ulikuwa ziwani. Alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano alianza kujenga mashua ya tanga kwa siri. Baba yake hakutaka kusikia habari za mashua; alitaka mwanawe awe mkulima kama yeye. Basi alipoziona mbao zile zimekatwa na kuchongwa, alizitia motoni zote. Kijana hakujibu neno. Akaanza upya, akachonga kipande kimoja kimoja, akavificha vipande mahali mbalimbali, na baba alipokuwa safarini akaviunga pamoja. Baba aliporudi aliikuta mashua imo ziwani inakwenda kwa tanga, na wageni waliokuja kupumzika kando ya ziwa wanalipa fedha ili wachukuliwe kutembea. Baada ya hapo yule mzee hakuwasha moto tena.

Ole alipokuwa na miaka kumi na sita aliondoka nyumbani akaenda Madison, mji mkuu wa Wisconsin, mwendo wa maili kama 20. Huko akapata kazi katika karakana ya kutengeneza mashine za wakulima. Mchana alifanya kazi, na usiku alisoma vitabu vya hesabu na vya ufundi, peke yake bila mwalimu, hata akapata kwa shida yale ambayo wenzake waliyapata darasani kwa urahisi. Kisha akahama mji hata mji. Alifanya kazi Pittsburgh penye viwanda vikubwa vya chuma, akafanya kazi Chicago, na mwisho akakaa Milwaukee, mji ulio kando ya Ziwa Michigan, akawa fundi wa kuchonga vielelezo.

Kazi hiyo ya vielelezo yafaa ielezwe, maana ndiyo iliyompatia ufundi wake. Mtu akitaka kutengeneza kipande cha mashine kwa chuma cha kuyeyusha, kwanza fundi huchonga mfano wake kwa mti laini, kwa vipimo halisi, bila kosa hata la unene wa ukucha. Mfano huo hushindiliwa katika mchanga wenye unyevu, kisha huondolewa taratibu, na chuma kilichoyeyuka humiminwa katika nafasi iliyobaki. Mfano ukiwa mbaya, chuma nacho kitakuwa kibaya, wala hakuna wa kukirekebisha. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka huweza kuiona mashine nzima akilini mwake kabla haijakuwako, na kujua kila sehemu itakaa wapi na itaguswa na nini.

Mwaka wa 1900 Ole alianza karakana yake mwenyewe pamoja na mwenziwe, wakitengeneza injini ndogo za petroli kwa mtu yeyote aliyezitaka. Hapo motokaa zilikuwa bado ni ajabu, na mafundi wengi vijana walijaribu bahati yao. Ole alijua kufanya injini. Kuandika barua, kutunza daftari na kudai fedha hakujua kabisa. Ubia ukavunjika. Akajaribu tena na wengine, nao pia haukudumu.

Katika mtaa ule ule alikaa msichana aliyeitwa Bess Cary, mwembamba, mwenye akili nyepesi, naye alikuwa akijifunza kazi ya biashara. Bess alianza kumsaidia Ole kuandika barua zake na kupanga hesabu zake. Wengi waliowajua waliona jinsi walivyopishana: huyu mkubwa na mzito wa kusema, yule mdogo na mwepesi. Lakini pale mmoja alipopungukiwa, mwingine alikuwa na ziada. Wakaoana mwaka wa 1906, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Ralph.

Sasa kuna hadithi ambayo haikosi kusimuliwa kila litajwapo jina la Evinrude. Wakati wa joto, Ole na Bess walikwenda pamoja na rafiki zao kutembea katika ziwa la Okauchee, lililo maili kadhaa upande wa magharibi wa Milwaukee. Siku ile jua lilikuwa kali sana. Bess akatamani kula aiskrimu, yaani maziwa matamu yaliyogandishwa kwa baridi. Duka lilikuwa ng'ambo ya ziwa, mwendo wa maili mbili na nusu. Ole akaingia katika mashua, akavuta makasia mpaka kule, akanunua, akageuka kurudi kwa haraka. Alikuwa na nguvu kuliko watu wengi, lakini jua halikumngoja; alipofika, aiskrimu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Wasimulizi husema ya kuwa katika safari ile ya kurudi, mikono ikimuuma, ndipo alipofikiri kwamba injini ndogo iliyofungwa nyuma ya mashua ingeweza kufanya kazi ya makasia. Huenda hadithi imepambwa kidogo, kama hadithi nzuri zipambwavyo. Fundi aliyekuwa akifanya injini kila siku, naye ni mpenda mashua tangu utoto, angeweza kufika hapo hata bila aiskrimu.

Wala Ole hakuwa mtu wa kwanza kulifikiri jambo hilo. Watu wengine walikuwa wamekwisha jaribu, na mmoja wao, Cameron Waterman wa Detroit, alijaribu injini ya namna hiyo mwaka wa 1905, akaziuza kabla ya Evinrude. Yafaa jambo hilo lisemwe wazi, maana vitabu vingi hulisahau. Sifa ya Evinrude ni nyingine: alifanya injini ambayo mvuvi au mwenye duka, asiyejua ufundi wowote, aliweza kuinunua, kuibeba mwenyewe, kuifunga kwa skrubu mbili nyuma ya mashua yake, akaenda nayo, na kesho akaenda nayo tena.

Bess alipoiona injini ya kwanza hakuisifu. Alisema yafanana na kinu cha kusagia kahawa. Ole hakukasirika. Mwaka wa 1909 akaijaribu katika Mto Kinnickinnic, unaopita Milwaukee, mbele ya watu waliosimama gatini, na mashua ikaenda bila kasia. Kisha akamwazima rafiki yake mmoja injini ile ili aende nayo ziwani, na yule rafiki akarudi na watu kumi wanaotaka kununua, wamekwisha kulipa. Basi Ole akatengeneza injini 25 kwa mikono. Kila moja ilikuwa na nguvu za farasi moja na nusu, uzito wake ratili 62, yaani kilo 28 hivi, na bei yake dola 62.

Umbo la injini ile ni hili. Juu lilikaa gurudumu zito lililolala kama sinia, lenye kishikio cha kulizungushia kwa mkono. Chini ya gurudumu palikuwa na silinda moja, iliyolala. Ndani ya silinda pistoni ilikwenda mbele na nyuma, ikizungusha mhimili uliosimama wima, na mhimili huo ulishuka ndani ya bomba mpaka chini ya maji. Huko chini palikuwa na giya mbili zenye meno yaliyokatwa kwa mshazari, na kazi yao ilikuwa kuugeuza mzunguko, ili mhimili uliosimama uizungushe rafadha, yaani zile panga za kusukuma maji, iliyolala kuelekea nyuma. Mwendeshaji alishika mkono wa injini akaigeuza nzima kulia au kushoto, na mashua ikafuata. Usukani mwingine haukuhitajiwa. Umbo hilo, yaani injini juu, mhimili wima katikati, giya na rafadha chini, ndilo lililofuatwa na karibu wote waliotengeneza injini za kupachika baada yake. Serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi wake mwezi wa Agosti mwaka wa 1911.

Injini yenyewe ilikuwa ya mipigo miwili, na hapo ndipo ulipo urahisi wake na pia hatari yake. Katika injini ya motokaa pistoni huenda mara nne ndipo moto uwake mara moja, na mna vilango vinavyofunguka na kufungwa kwa vyuma vingi. Katika injini ya mipigo miwili moto huwaka kila mhimili ukizunguka mara moja, wala vilango hivyo havimo. Kuna matundu tu katika ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe huyafunika na kuyafunua ipitapo. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia kwanza katika chumba cha chini penye mhimili, kisha husukumwa na pistoni kuingia silindani. Kwa sababu hiyo chumba kile hakiwezi kujazwa oili kama kile cha motokaa. Oili lazima ichanganywe na petroli yenyewe, ili ipitapo ivilainishe vyuma vyote, kisha iungue na kutoka pamoja na moshi.

Basi mwenye injini ya zamani ya namna hii hujua jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kipimo cha oili. Injini nyingi za zamani hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 16 au 24 za petroli. Zilizokuja baadaye hutosheka na sehemu moja kwa 50. Mtu akizidisha oili, moshi huwa mwingi na plagi huchafuka, na injini hukohoa na kuzimika. Huo ni udhia tu, maana plagi hufunguliwa na kusafishwa. Lakini akisahau oili, au akitia kipimo cha injini mpya katika injini kuukuu, pistoni hukauka, hupata moto, hukwaruza ukuta wa silinda na kukwama ndani yake, naye atarudi pwani kwa makasia. Wengi wamefanya hivyo kwa kutaka kuokoa senti chache.

La pili ni maji. Injini hupozwa kwa maji yale yale inayoelea juu yake, nayo huvutwa kwa pampu ndogo. Mchanga au jani likiziba njia, injini huungua haraka. Kwa hiyo mwenye busara hutazama kwamba maji yanatoka kabla hajaondoka ufukoni, wala haiwashi injini ikiwa nje ya maji. Akiwa baharini, kila atokapo huisafisha kwa maji matamu, maana chumvi ikikaa ndani hula chuma polepole na kuziba vijia vya maji. Hubadili oili ya giya kule chini, naye huitazama kwanza: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya. Asipoitumia injini kwa majuma mengi, huimwaga petroli iliyobaki, kwa sababu petroli iliyokaa huacha utomvu katika kabureta na kuziba tundu zake.

Liko pia jambo la kipini kidogo kinachoishika rafadha katika mhimili wake. Kipini hicho kimefanywa kuwa dhaifu kwa makusudi. Rafadha ikigonga mwamba, kipini hukatika, na giya husalimika. Mtu asiyejua huona ni ubovu, akatia msumari mgumu mahali pake. Mwamba wa pili ndio unaomfundisha, tena kwa gharama kubwa. Na injini ikianguka majini, isiachwe juani kukauka siku mbili tatu, maana kutu huanza mara inapokutana na hewa. Hapo hapo hufunguliwa plagi, maji hutolewa, husafishwa kwa maji matamu kama ilizama baharini, hutiwa oili, kisha hujaribiwa kuwashwa siku ile ile. Wavuvi wa Ziwa Victoria na wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambao wengi wao hutumia injini za mipigo miwili, huyajua mambo haya bila kuyasoma.

Turudi kwa Ole na Bess. Ole alikaa karakanani tangu alfajiri mpaka usiku. Bess, huku akimlea mtoto, alishika barua zote, hesabu zote, na matangazo. Yeye ndiye aliyetunga tangazo la kuwaambia watu waache kuvuta makasia, wayatupe, watumie injini ya Evinrude. Na tangazo lile liliposomwa katika magazeti, barua zilikuja kwa wingi. Fedha za kupanua kazi hawakuwa nazo, basi wakaungana na Chris Meyer, aliyekuwa na biashara ya meli ndogo za kuvuta meli kubwa, naye akatia fedha akapata nusu ya kampuni. Tena Bess aliandikia wafanya biashara wa kupeleka bidhaa nchi za ng'ambo. Mmoja wao wa New York, mwenye asili ya Denmark, aliona mara moja kwamba wavuvi wa Norwe, Sweden na Denmark ndio hasa wanaohitaji kitu kile, akaagiza kwa wingi. Hivyo injini za Ole zikavuka bahari ile aliyoivuka yeye utotoni, zikafika kwa watu waliosema lugha ya mama yake.

Lakini afya ya Bess haikuwa nzuri tangu zamani, na kazi ile ilimchosha mno. Kadiri kampuni ilivyokua, ndivyo alivyodhoofika. Ole akaona kwamba hawezi kuwa na vyote viwili. Mwaka wa 1914, biashara ikiwa katika kustawi kwake, aliuza nusu yake yote kwa mbia wake, akatia sahihi mkataba wa kutofanya injini za mashua kwa muda wa miaka mitano. Jina lake mwenyewe likabaki mlangoni pa kiwanda ambacho si chake tena. Alikuwa na miaka 37, umri ambao fundi ana nguvu na maarifa pamoja, na mkataba ule ulimfunga mikono.

Akamchukua mkewe na mwanawe, wakasafiri nchi nzima kwa motokaa, na kwa mashua katika mito na maziwa. Hewa na mapumziko vikamfaa Bess. Ole alitimiza ahadi yake, hakuuza injini hata moja. Lakini mkataba haukuweza kumkataza kufikiri. Alijua makosa ya injini yake ya kwanza kuliko mtu mwingine yeyote: ilikuwa nzito, ilitetemeka kwa sababu ya silinda yake moja, na ilikuwa ngumu kuwashwa, hata kishikio cha gurudumu kiligonga vidole vya watu wengi. Ikawa sasa madini ya alumini yamezidi kupatikana, nayo ni mepesi sana kuliko chuma.

Miaka mitano ilipokwisha, Ole alikuwa amekwisha buni injini mpya yenye silinda mbili zinazoelekeana, pistoni zake zikienda pande mbili kwa wakati mmoja, hata mtetemeko wa moja ukauondoa wa nyingine. Sehemu nyingi zilikuwa za alumini. Ilikuwa na nguvu za farasi tatu, mara mbili ya ile ya zamani, na uzito wake ratili 48 tu. Akaipeleka kwanza kwa mbia wake wa zamani, jambo la uungwana, maana hakulazimishwa. Mbia akaikataa. Kiwanda kilikuwa kikiuza injini za namna ya kale bila shida, na hakuona haja ya kubadili.

Basi Ole na Bess wakaanza tena. Jina la Evinrude hawakuweza kuliita kampuni, kwa kuwa walikuwa wameliuza, hivyo wakaiita injini mpya Elto, kwa herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya injini ya Evinrude, nyepesi, yenye silinda mbili, ya kupachika nje. Kuanzia mwaka wa 1921 zikauzwa, na Bess akarudi kwenye barua zake. Watu wakazipenda kwa wepesi wake na kwa kuwa zilikubali kuwaka upesi. Kwa muda wa miaka michache ile kampuni iliyokataa injini mpya ikabaki nyuma.

Hata hivyo hawakuwa peke yao. Ndugu wa jamaa ya Johnson, wa jimbo la Indiana, walitoa injini nyepesi kuliko Elto, nao wakauza sana. Kila upande ukautazama mwingine na kuongeza ufundi. Mwaka wa 1928 Evinrude akatoa injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 18, na mashua ndogo zikaanza kukimbia mbio ambazo zamani zilikuwa za boti kubwa tu. Mwaka ule ule Bess alilazimika kuacha kazi kabisa, kwa sababu afya ilikuwa imemrudia vibaya.

Mwaka wa 1929 kampuni ya Elto, kampuni ya zamani ya Evinrude, na kampuni ya tatu iliyoitwa Lockwood, ziliunganishwa kuwa moja, na Ole akafanywa mkuu wake. Hivyo baada ya miaka kumi na mitano jina lake lilirudi mkononi mwake. Lakini mwaka ule haukwisha kabla msiba wa fedha haujaipata Marekani yote. Mabenki yalifungwa, watu walikosa kazi, na nani angenunua injini ya mashua hali hana bei ya mkate? Biashara ikapungua sana, na kazi ya kukiokoa kiwanda ikawa nzito kuliko ile ya kukianzisha.

Bess alikufa mwezi wa Mei mwaka wa 1933. Ole alikufa Milwaukee tarehe 12 Julai mwaka wa 1934, mwaka mmoja na miezi miwili baada yake, naye alikuwa na miaka 57.

Ralph, aliyekwisha jifunza kazi yote karakanani kwa baba yake, akashika mahali pake. Muda si mrefu kampuni ya Johnson nayo ikaungana na yao, na kwa miaka mingi injini zao zilikuwa katika bandari za dunia nzima. Baadaye ilijulikana ya kuwa injini za mipigo miwili za namna ya kale hutupa majini karibu robo ya petroli yake bila kuungua, na serikali nyingi zikatoa sheria za kuzipunguza. Kampuni ile kubwa ikafilisika mwaka wa 2000. Jina likanunuliwa na kampuni ya Kanada, nayo mwaka wa 2020 ikaacha kabisa kutengeneza injini za Evinrude.

Zile za kwanza, za mwaka wa 1909 na baadaye kidogo, bado zimo katika majumba ya makumbusho na katika vibanda vya watu wanaopenda vyombo vya zamani. Baadhi yake huwashwa hata leo, kwa kushika kile kishikio cha juu, baada ya kusafisha plagi na kuchanganya oili kwa kipimo chake.